Upasuaji wa kurudi nyumbani siku hiyo hiyo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wanaopanga kituo

Maswali haya hutoka kwa timu za afya za wilaya na kaunti, waganga wafawidhi, wamiliki wa vituo binafsi, na wauguzi wanaoambiwa ghafla kwamba kuanzia mwezi ujao wagonjwa wa ngiri hawalazwi tena. Majibu yanaelekezwa zaidi Tanzania na Kenya, ingawa mifano imechukuliwa popote pale kazi hii ilipofanyika. Jambo moja linajirudia karibu kila mahali: upasuaji ukitoka hospitalini, usiku wa kwanza wa mgonjwa unatoka nao. Zamani usiku huo ulikuwa mikononi mwa muuguzi wa zamu. Sasa unakwenda kwa mke, kwa mtoto, kwa jirani. Ukipanga kituo bila kuupanga usiku huo, umepanga jengo tu.

Upasuaji wa siku moja ni upi hasa?

Ni upasuaji uliopangwa tangu mwanzo kwamba mgonjwa atafika asubuhi, atafanyiwa, ataangaliwa kwa saa chache na kuruhusiwa kabla ya usiku. Dharura haimo. Wala hamo aliyelala kwa sababu daktari hakupita jioni kumwandikia ruhusa, hata kama rejista inasema vinginevyo.

Wodi tunazo. Kwa nini tusiache mambo yalivyo?

Wodi zipo, vitanda havitoshi. Mwenye ngiri, busha au uvimbe usio wa hatari anagombea kitanda na aliyevunjika paja kwenye ajali ya bodaboda, na anashindwa kila siku, na ni haki ashindwe. Anaambiwa arudi wiki ijayo. Anarudi, amefunga kula tangu jana, anaambiwa tena kitanda hakuna. Mara ya tatu harudi. Kisha usiku mmoja ngiri inabana utumbo, na kazi ambayo ingefanyika kwa ganzi ndani ya saa moja inakuwa ya kufungua tumbo na kukata utumbo uliooza.

Tume ya jarida la Lancet iliyotoa ripoti mwaka 2015 ilikadiria kwamba watu bilioni 5 hawapati upasuaji salama, kwa wakati na kwa gharama wanayoimudu, na kwamba nchi za kipato cha chini na cha kati zinahitaji operesheni milioni 143 zaidi kila mwaka. Hakuna serikali itakayojenga wodi kwa kasi hiyo. Njia iliyo wazi ni kuwatoa wodini wale ambao hawakuwa na haja ya kulala.

Kuna na faida ya familia, ambayo kwenye vikao husahaulika. Mgonjwa mmoja aliyelazwa siku tatu ana ndugu mmoja anayelala kwenye korido, mwingine anayeleta uji, na shamba au genge lililofungwa nyumbani.

Je, hili ni jambo geni lililoletwa na hospitali za kifahari?

Hapana. Mwaka 1909 daktari wa upasuaji James Nicoll wa Glasgow, Scotland, aliripoti karibu operesheni 9,000 za watoto waliopasuliwa na kurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Wengi walikuwa wachanga, kutoka familia maskini. Wauguzi waliwafuata majumbani, na Nicoll alisisitiza kwamba mtoto anayenyonya anapona vizuri mikononi mwa mama yake. Ukisoma hoja zake leo unaona alishalipata jambo lenyewe: alipeleka uuguzi nyumbani, hakuuacha hospitalini.

Kituo cha kwanza cha kisasa kilichojitenga kabisa na hospitali kilifunguliwa Phoenix, Arizona, mwaka 1970 na madaktari wawili wa usingizi, Wallace Reed na John Ford. Medicare, bima ya serikali ya Marekani kwa wazee, ilianza kuvilipa vituo vya aina hiyo mwaka 1982. Uingereza, mpango wa taifa wa afya wa mwaka 2000 uliweka lengo kwamba asilimia 75 ya operesheni za kupangwa zifanyike bila kulaza.

Nasi tumekuwa tukifanya kwa muda mrefu. Mtoto wa jicho huondolewa kwa ganzi na mgonjwa akaondoka na kitambaa jichoni. Baada ya utafiti uliofanyika Kisumu (Kenya), Rakai (Uganda) na Orange Farm (Afrika Kusini) kuonyesha kwamba tohara inapunguza hatari ya mwanamume kuambukizwa VVU kwa takriban asilimia 60, Kenya ilianza mpango wake mwaka 2008, hasa Nyanza. Kazi ilifanywa na matabibu na wauguzi katika zahanati, shule na mahema. Katika nchi 15 za mashariki na kusini mwa Afrika, wanaume zaidi ya milioni 25 wamepitia mpango huo. Huo ni upasuaji nje ya hospitali kwa kiwango kikubwa sana, na umetuachia mafunzo mengi.

Tuanze na upasuaji gani?

Anzeni na ule ambao tayari mnaufanya vizuri hospitalini, unaomalizika ndani ya saa moja na nusu, usiomwaga damu nyingi, na ambao maumivu yake yanatulizwa na vidonge. Kwa vituo vingi vya kwetu hiyo ni ngiri ya kinena, busha, uvimbe wa juu juu wa mafuta, kufunga mirija ya uzazi, tohara, na mtoto wa jicho kama kuna timu ya macho.

Busha linastahili kutajwa peke yake. Mikoa ya pwani ya Tanzania, yaani Dar es Salaam, Pwani, Tanga, Lindi na Mtwara, pamoja na pwani ya Kenya, ina wanaume ambao mbu waliwaambukiza minyoo ya matende miaka mingi iliyopita. Dawa za kumeza zinazuia maambukizi mapya, lakini busha lililokwisha kujaa haliondoki kwa kidonge. Wengi wao wanaficha hali yao chini ya msuli na hawaendi hospitali kubwa, kwa aibu na kwa nauli. Kituo cha karibu kinachofanya busha kwa ganzi na kumrudisha mtu nyumbani kinawafikia watu ambao hospitali ya mkoa haikuwahi kuwaona. Busha kubwa mno, au lililoambatana na ngozi nene ya matende, lipelekwe hospitali.

Kuhusu ngiri, Uganda imetupa ushahidi mzuri. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 uliwafuatilia wanaume 302 wa mashariki mwa nchi hiyo waliowekewa wavu wa kuimarisha tumbo. Nusu waliwekewa wavu wa kiwandani wa bei kubwa, nusu wavu wa bei nafuu wa aina ya chandarua, uliotakaswa ipasavyo. Baada ya mwaka mmoja matokeo yalikaribiana sana. Hii haina maana mkakate chandarua cha dukani na kukitia kwenye mashine. Inaonyesha kwamba bei ya wavu isiwe sababu ya kuliacha jambo.

Upi usihamishwe kabisa?

Upasuaji wa kujifungua. Kila mwaka kuna anayependekeza, kwa kuwa vituo vya afya vingi Tanzania sasa vina vyumba vya upasuaji kwa ajili hiyo. Lakini mama aliyepasuliwa analazwa kituoni hapo, anaangaliwa damu, na mtoto naye anaangaliwa. Hilo ni jambo jema tena la lazima, ila halimo kwenye mada hii. Pia yasihamishwe matumbo ya kufunguliwa kwa upana, tezi ya shingo iliyokua sana (damu ikivuja usiku inaziba njia ya hewa), na chochote kinachoweza kuhitaji damu wakati benki ya damu iko saa moja barabarani.

Marekani wanabadilisha goti na mtu anarudi nyumbani jioni. Nasi tunaweza?

Ni kweli wanafanya. Medicare iliondoa ubadilishaji wa goti kwenye orodha ya operesheni za kulazwa tu mwaka 2018, na mwaka 2020 ikaanza kuulipia katika vituo vya siku moja. Hesabu vizuri: tangu kituo cha Phoenix hadi hapo ni miaka 50. Walianza na kazi ndogo, wakajenga tabia ya kuchagua wagonjwa na kuwafuatilia, dawa za usingizi zikawa za kuisha haraka, ndipo wakafika kwenye goti. Na goti lile linarudi kwenye nyumba yenye choo cha kukaa na mtaalamu wa mazoezi anayekuja mlangoni. Msianze huko.

Mgonjwa gani anafaa?

Hapa ndipo vituo huokoka au huanguka, kwa hiyo tukae kidogo.

Angalia mwili kwanza. Mtu mzima asiye na ugonjwa, au mwenye shinikizo la damu au kisukari kilichodhibitiwa, anafaa. Mwenye VVU anayetumia dawa vizuri na ana nguvu zake anafaa. Kumkataa ni ubaguzi na hauna msingi wa kitabibu. Mwenye selimundu afanyiwe hospitalini, hata kama anaonekana mzima, kwa sababu baridi, kiu na upungufu wa oksijeni vinaweza kumletea maumivu makali au kifua kubana siku inayofuata. Kwa mikoa ya Kanda ya Ziwa na magharibi mwa Kenya, swali hilo liulizwe kwa kila mtoto. Mtoto njiti ambaye hajafikisha wiki 60 akihesabiwa pamoja na wiki za mimba asipewe nusu kaputi na kurudishwa nyumbani, kwani anaweza kusahau kupumua usiku. Anayekoroma sana na kuamka amechoka, hasa akiwa mnene, naye ni wa hospitali ikiwa atapewa nusu kaputi au dawa kali za maumivu.

Kisha angalia nyumba. Nani atalala naye? Kuna simu yenye chaji? Choo kiko wapi, na usiku atakifikiaje? Gari au pikipiki ya kumrudisha usiku inapatikana, na nani atailipa? Maswali haya yanapaswa kuwa kwenye fomu ile ile yenye presha na wingi wa damu, na jibu baya limzuie mgonjwa sawasawa na presha ya 190. Kijana mwenye afya anayeishi peke yake chumba cha kupanga, bila ndugu mjini, hafai mpaka apatikane wa kulala naye.

Uchaguzi huu ufanyike siku kadhaa kabla. Ukimpima mtu asubuhi ya upasuaji ukakuta presha iko juu, umepoteza nafasi ya chumba, na yeye amepoteza nauli.

Nani anaruhusiwa kupasua, na nani anatoa usingizi?

Fuateni leseni na kanuni za nchi yenu. Kenya ngazi ya kituo inaamua mengi, na Tanzania daraja la kituo pia. Kuhusu uwezo, ushahidi wa Afrika ni wa kutia moyo. Nchini Sierra Leone utafiti wa kulinganisha kwa bahati nasibu haukuonyesha kwamba matabibu waliofunzwa ngiri walifanya vibaya kuliko madaktari. Walikuwa wamefunzwa hasa kwa operesheni hiyo, wakaifanya mara nyingi. Anayefanya ngiri mbili kwa mwaka, awe na shahada gani, asifanye ya tatu kituoni.

Upande wa usingizi ndio mgumu zaidi kuujaza. Kituo kisifungue milango kwa kumtegemea mtu mmoja. Akiugua yeye, orodha nzima inafutwa, au linatokea baya zaidi: anayepasua anajitolea kutoa na usingizi. Kama mna mtaalamu mmoja wa usingizi na ganzi, anzeni na kazi za ganzi ya sehemu tu.

Hata ganzi ina hatari yake. Kipimo cha juu cha lidokeini isiyochanganywa na adrenalini ni miligramu 3 kwa kila kilo. Mtu wa kilo 60 anaishia miligramu 180. Kwenye chupa ya asilimia 1 hizo ni mililita 18. Kwenye chupa ya asilimia 2 ni mililita 9 tu. Chupa zote mbili hukaa kabati moja, na lebo zake zinafanana. Mpimeni kila mgonjwa uzito kwa mizani, msikadirie kwa macho, na andikeni mililita za mwisho ubaoni kabla ya kuchoma sindano.

Lazima tujenge jengo jipya?

Mara nyingi hapana, na ningeshauri msiharakishe. Njia rahisi ni kutenga chumba kimoja cha upasuaji ndani ya hospitali ya wilaya kwa siku mbili za wiki, chenye mlango wake, viti vya kuegemea badala ya vitanda, na timu isiyoitwa kwenye dharura. Mkifanya hivyo mwaka mzima mtajua takwimu zenu wenyewe: wangapi walishindwa kurudi nyumbani na kwa nini. Baada ya hapo ndipo jengo la mbali lina maana. Kosa linaloonekana sana ni kuiweka orodha ya siku moja kwenye chumba kile kile cha dharura. Anakuja mama wa kupasuliwa, orodha inasimama, na wa ngiri wanaishia kulazwa kwa kuwa giza limeingia.

Vifaa gani hupungua kwanza?

Seti za vyuma na muda wa kuzitakasa. Tuseme mna seti 4 za ngiri na wagonjwa 8, meza moja, kila mgonjwa saa 1 pamoja na usafi, mnaanza saa 2 asubuhi. Kuosha, kukausha, kufunga, kupika kwa mvuke na kupoza kunachukua saa 2 na nusu. Ili kuokoa umeme, mhudumu anasubiri seti zote 4 zitumike ndipo awashe mashine. Ya nne inatoka mezani saa 6 mchana. Seti zinarudi saa 8 na nusu. Mgonjwa wa tano, aliyefunga kula tangu jana usiku, anaingia saa hiyo, na wa nane anatoka saa 12 na nusu jioni. Huyo hataangaliwa vya kutosha na hatapata gari. Sasa mtakata kona mahali fulani, na kona inayokatwa huwa ni utakasaji.

Dawa yake ni ama seti 8, ama wagonjwa 4, ama kutakasa kila seti inapotoka. Hesabu hii ifanyike mezani kabla ya kumpa yeyote tarehe.

Vingine visivyo na mjadala: kipima oksijeni cha kidole kwa kila mgonjwa aliyelala na kila anayezinduka, mashine ya kunyonya inayofanya kazi hata umeme ukikatika, jenereta iliyojaribiwa kwa mzigo wa kweli, na mtungi wa akiba wa oksijeni ambao kuna mtu aliyeufungua wiki hii na kuona mshale wa kipimo chake ukipanda.

Mgonjwa afunge kula kwa muda gani?

Chakula cha kawaida saa 6, cha mafuta mengi saa 8, maziwa ya mama saa 4, maji saa 2. Chai ya rangi bila maziwa ihesabiwe kama maji. Chai ya maziwa ihesabiwe kama chakula. Mwambieni hivyo hivyo, kwa majina ya vyakula vyenyewe. Ukimwambia mtu “usile kitu”, kikombe cha chai ya maziwa atakinywa kwa moyo mweupe. Na msiwafungishe wote tangu usiku wa manane ilhali wengine wataingia mchana. Watoto na wazee wanaishiwa nguvu bure.

Usiku wa kwanza unapangwaje?

Kwa vitu vitatu: ruhusa yenye masharti, ndugu aliyefundishwa, na simu inayopigwa na kituo.

Ruhusa isitolewe kwa saa ya ukutani. Mgonjwa aondoke akiwa amezinduka vizuri, presha iko sawa, anatembea bila kuyumba, maumivu yanavumilika kwa vidonge, hatapiki, kidonda hakivuji, na aliyechomwa ganzi ya mgongoni amepata haja ndogo. Muuguzi ndiye anayejaza karatasi hiyo na ndiye anayeruhusu. Daktari asiwe kizuizi kwa kuwa yuko mezani.

Ndugu aelekezwe pamoja na mgonjwa, kisha aombwe kurudia kwa maneno yake atafanya nini bandeji ikilowa damu. Akisema “nitampaka kitu”, hajaelewa. Kwa saa 24 aliyepewa nusu kaputi asiendeshe chombo chochote, bodaboda ikiwemo, asinywe pombe, na asitie sahihi hati ya kiwanja au mkopo.

Halafu simu. Msisubiri mgonjwa apige. Watu wetu hawapendi kumsumbua daktari usiku. Kituo kipige jioni, kwa maswali yaliyoandikwa. Mazungumzo ya kawaida huenda hivi:

“Shikamoo mzee. Ni muuguzi wa kituoni ulikofanyiwa leo.”

“Marahaba mwanangu. Sijambo kabisa, nashukuru.”

“Umepata haja ndogo tangu ufike nyumbani?”

“Bado kidogo. Itakuja tu.”

“Mara ya mwisho ilikuwa saa ngapi?”

“Pale kwenu, mchana. Matone matone.”

“Tumbo la chini limejaa?”

“Limekaza, ndiyo. Nilidhani ni kidonda.”

“Mzee, usingoje asubuhi. Mpe simu kijana wako nimwelekeze.”

Mzee huyo ana tezi dume iliyokua, amechomwa ganzi ya mgongoni, kibofu kimejaa na hakifunguki. Wodini angewekewa mpira ndani ya dakika kumi. Nyumbani, kwa adabu yake, angeng’ang’ana hadi alfajiri. Swali la haja ndogo lisingeulizwa, “sijambo kabisa” lingeandikwa kwenye rejista na simu ingekatwa. Na matone yale ya mchana hayakupaswa kuhesabiwa kama haja ndogo. Ndiyo maana anayepiga lazima awe muuguzi aliyemuona mgonjwa au aliyefunzwa, na gharama ya muda wake wa jioni iwe kwenye bajeti tangu siku ya kwanza.

Ujumbe mfupi wa simu nao unasaidia siku zinazofuata. Zimbabwe ilijaribu kuwasiliana kila siku kwa ujumbe na wanaume waliotahiriwa, na anayejibu kuwa yuko salama hakulazimika kurudi kuonwa. Ziara za kliniki zilipungua sana na usalama haukupungua.

Anayetoka mbali je?

Wekeni umbali wenu kwa muda wa safari, si kwa kilomita: saa 1 kwa usafiri unaopatikana usiku, na wakati wa masika. Anayezidi hapo alale karibu na kituo, kwa ndugu au kwenye nyumba ya wageni iliyokubaliana nanyi. Timu za macho zimefanya hivyo miaka mingi: bibi anafanyiwa, analala bweni la kawaida na mjukuu wake, asubuhi kitambaa kinaondolewa. Kitanda cha bweni hakihitaji muuguzi wa zamu wala mfumo wa oksijeni.

Likitokea jambo kituoni, tunafanyaje?

Mnakuwa na makubaliano ya maandishi na hospitali moja iliyotajwa, yenye namba ya simu inayopokelewa, gari, na jina la cheo kinachopokea mgonjwa bila kuuliza malipo kwanza. Fanyeni zoezi mara moja kila robo mwaka, mkiwa na saa mkononi.

Umaarufu na fedha havizibi pengo hili. Mchekeshaji wa Marekani Joan Rivers aliingia kliniki ya nje mjini New York Agosti 2014 kuchunguzwa koo na njia ya chakula chini ya dawa ya usingizi. Alikosa oksijeni, moyo ukasimama, akafariki siku chache baadaye. Wakaguzi wa serikali walikuta, pamoja na mengine, kwamba timu ilichelewa kutambua hali yake kuporomoka na uzito wake haukuwa umeandikwa kabla ya kupewa dawa. Tumerudi kwenye mizani na kipima oksijeni, vifaa ambavyo kituo chochote cha wilaya kinaweza kuwa navyo.

Bima italipa?

Ulizeni kwa maandishi kabla ya kufungua. Tanzania ilipitisha sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, na Kenya ilihamia kwenye mfumo wa SHA (Mamlaka ya Afya ya Jamii) Oktoba 2024. Viwango na ngazi zinazolipwa vinarekebishwa mara kwa mara. Jambo la kusukuma kwa pamoja ni hili: operesheni ilipwe kwa kifurushi kimoja chenye vipimo vya kabla, upasuaji, dawa za kwenda nazo, simu ya jioni na ziara ya kidonda. Mlipaji akitoa fedha nyingi zaidi mgonjwa anapolazwa, hospitali italaza. Haihitaji nia mbaya. Mhasibu tu anatosha.

Vituo binafsi havitachukua wagonjwa wepesi na kuiachia serikali wazito?

Vitafanya hivyo visiposimamiwa, na Marekani mjadala huu haujaisha, hasa pale daktari anayempeleka mgonjwa ndiye mwenye hisa kituoni. Hospitali iliyoondokewa na ngiri zote za wenye bima inabaki na gharama zile zile na mapato pungufu. Kwa maoni yangu, katika kila wilaya kituo cha kwanza kiwe cha umma au cha ubia na hospitali, na leseni ya kituo binafsi iambatane na sharti la kupokea idadi fulani ya wasio na bima. Pia kuna suala la mafunzo. Madaktari walio mazoezini hujifunzia ngiri na busha. Zikihama, nao wapangiwe zamu huko, la sivyo baada ya miaka mitano tutakuwa na madaktari wa wilaya wasiojua kufunga ngiri iliyobana.

Tupime nini kila mwezi?

Walioahirishwa siku yenyewe, na sababu. Walioshindwa kurudi nyumbani. Vituo vizuri hukaa chini ya 2 kwa kila 100, nanyi mkiona sifuri miezi sita mfululizo, kagueni kama hamwafukuzi watu kabla ya wakati. Waliorudi ndani ya siku 30, kwetu au kwingine. Vidonda vilivyoota usaha. Simu za jioni zilizopokelewa. Hesabu hizi zibandikwe ukutani ambapo hata mfagizi anaziona.

Mgonjwa akikataa kurudi nyumbani?

Msikilizeni. Mara nyingi anajua jambo ambalo fomu haikuuliza: mume anayepiga, nyumba inayovuja, mtoto wa kubeba mgongoni usiku ule ule. Alale.

Vitanda vitakavyobaki wazi hospitalini vifanyiwe nini?

Amueni kabla havijawa wazi, la sivyo vitajazwa kwa mazoea. Pendekezo langu ni kuvigawia kwa jina: vinne kwa mapaja yaliyovunjika yanayosubiri kuwekwa chuma, viwili kwa akina mama waliopasuliwa wenye matatizo, kimoja kiwe cha mgonjwa wa kituo cha siku moja aliyeshindwa kurudi nyumbani. Hicho kimoja kikae kitupu kila siku ya orodha mpaka simu ya mwisho ya jioni ipigwe, na muuguzi wa zamu wodini ajue namba ya anayepiga.